Kukinai si Kuisha: Msamiati wa Ndoa Iliyopoa, kwa Mfano wa Karagita

Utangulizi

Lugha ya mapenzi katika Kiswahili imechunguzwa zaidi katika ncha zake mbili. Ncha ya kwanza ni ile ya kutakana na kuchumbiana, ambayo imewashughulisha malenga tangu zama za Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776-1840) na kabla yake. Ncha ya pili ni ile ya kuvunjika: fumanizi, talaka na utengano. Hiyo imewapa waandishi wa riwaya kazi kubwa, na jina la riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Utengano (1980), ni ushahidi tosha. Baina ya ncha hizo mbili ipo miaka mingi ambayo mke na mume huishi pamoja bila ya ugomvi mkubwa na bila ya shauku kubwa. Karo hulipwa, wageni hukaribishwa, mgonjwa huuguzwa. Majirani huiita ndoa hiyo njema, na wala hawakosei. Hata hivyo, mmoja wa wenzi hao, au wote wawili, huhisi kwamba kitu kimoja kimeondoka pasipo kuaga.

Hali hiyo haina jina moja katika Kiswahili. Ina maneno mengi, na kila neno linabeba hukumu yake. Makala haya yanakusudia kuyatazama maneno hayo na kuonyesha kwamba uteuzi wa neno si jambo la mapambo. Mtu anapotamka kwamba amechoka, amezoea, amekinai, au kwamba mapenzi yameisha, anachagua pia ni nani alaumiwe na kama kuna jambo lililosalia la kufanywa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba neno linaloieleza hali hii kwa usahihi zaidi ni kukinai, na kwamba kukinai si kuisha.

Kwa nini Karagita

Karagita ni mtaa ulio kando ya Barabara ya Moi South Lake, karibu na Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru. Mtaa huo ulikua pamoja na mashamba ya maua yanayouzwa ng'ambo, ambayo yalianza kushika mizizi kandokando ya ziwa katika miaka ya 1970 na kupanuka sana katika miongo iliyofuata. Wafanyakazi walitoka pande nyingi za Kenya: Wakikuyu, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakamba na wengineo. Familia nyingi hupanga chumba kimoja au viwili.

Kwa mtaalamu wa lugha, mahali hapa pana umuhimu wa pekee. Kwa wakazi wengi Kiswahili si lugha ya mama. Ni lugha ya kazini, ya sokoni na ya kanisani, na pale ambapo mume na mke wametoka katika makabila mawili, ni lugha ya chumbani pia. Mke Mkisii na mume Mkamba wanapokosana na kupatana, hufanya hivyo kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili hicho kilifika bara kikiwa kimeacha nyuma sehemu kubwa ya mizigo yake. Katika pwani msamiati wa mahaba ulilelewa na ushairi, taarabu, majina ya kanga na mafundisho ya somo. Katika Karagita yalifika maneno, lakini taasisi zilizoyalea hazikufika. Kwa hiyo huko inawezekana kuona, pengine kwa uwazi zaidi kuliko Lamu au Unguja, ni kazi gani maneno yenyewe huweza kufanya yakiwa peke yake.

Lipo na jambo la pili. Majuma yanayoitangulia tarehe 14 Februari, Sikukuu ya Wapendanao, ni majira ya kazi nyingi kupita kiasi katika mashamba ya waridi. Anayekata, kupanga na kufunga alama ya mapenzi ya watu wa Ulaya hurudi nyumbani usiku akiwa na miguu iliyovimba. Neno analolitamka anapovuka kizingiti ni moja: "Nimechoka." Neno hilo ndilo mlango wa uchunguzi huu.

Sarufi ya kuchoka

Zitazamwe sentensi sita zifuatazo, ambazo msemaji yeyote wa Kiswahili anazifahamu:

(1) Nimechoka.
(2) Nimekuchoka.
(3) Tumechokana.
(4) Tumezoeana.
(5) Nimekinai.
(6) Mapenzi yameisha.

Tofauti ya sentensi ya (1) na ya (2) ni silabi moja tu, yaani kiambishi cha mtendwa -ku-. Katika (1) mwili ndio unaosema, na dawa yake ni usingizi. Katika (2) mwenzi amekuwa ndiye sababu na ndiye mzigo. Ni umbali mkubwa kubebwa na silabi moja. Aidha, sentensi ya (1) haisemi uchovu umetoka wapi, na msikilizaji mwenye wasiwasi huweza kukitia mwenyewe kiambishi ambacho hakikutamkwa. Mke husema "nimechoka" baada ya kusimama kutwa katika banda la kufungashia maua, naye mume husikia "nimekuchoka." Likirudiwa hilo usiku baada ya usiku, kilichokuwa uchovu wa misuli hugeuka kuwa shutuma ambayo hakuna aliyeitoa. Mume huacha kuomba, mke hudhani kwamba hatakiwi, na kila mmoja huamini kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

Katika (3) na (4) kinaingia kiambishi cha kutendana, -an-. Kiambishi hiki ndicho kilichojenga maneno ya furaha ya ndoa, kama vile kupendana, kuoana na kusaidiana, na hicho hicho hujenga kuchokana na kuzoeana. Faida yake ni kwamba kinagawa jambo sawasawa: hakuna mkosaji mmoja. Hatari yake ni kwamba kinaweza kusemwa na mtu mmoja kwa niaba ya wawili. Anayesema "tumechokana" aghalabu hajamuuliza mwenzake.

Sentensi ya (6) ni ya namna nyingine kabisa. Kiima chake si mume wala si mke, bali ni mapenzi yenyewe, na kitenzi ni kile kinachotumika kwa sukari na mafuta ya taa. Kitu kilikuwapo katika chombo, sasa hakimo. Sentensi hii inavutia kwa sababu haimlaumu mtu, lakini kwa sababu hiyo hiyo haimwachii mtu la kutenda. Sukari ikiisha dukani, mteja huenda duka jingine. Hapana shaka kwamba wengi waliokwenda "duka jingine" walianza kwa kujisemea sentensi hii.

Kukinai, shauku na tamaa

Kitenzi kinai kina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuridhika na kutosheka na kile ambacho mtu amejaliwa. Nomino yake, kinaa, ni sifa njema. Mwenye kinaa hana choyo. Lakini Kiswahili kimeliongezea neno hili maana ya pili: kushiba kitu hadi hamu yake ikaondoka. Aliyekula wali wa nazi siku saba mfululizo husema amekinai. Kwa hiyo lugha imeweka katika neno moja mambo mawili ambayo mwanadamu hupenda kuyatenganisha, yaani kutosheka na kutotaka tena. Hapo ndipo ilipo ndoa ya muda mrefu yenye raha. Utulivu wake na ubaridi wake havikutoka katika visima viwili.

Yafaa kulinganisha kukinai na kuchacha. Chakula kikichacha, kasoro i katika chakula nacho hakina budi kumwagwa. Mlaji akikinai, chakula ni kizima; kilichobadilika ni mlaji, na njaa itarudi. Anayesema ndoa yake imechacha anatoa hukumu juu ya ndoa. Anayesema amekinai anatoa habari juu ya nafsi yake kwa wakati ule. Kauli ya pili ni ngumu zaidi kuitamka kwa sababu inamrudisha msemaji kwenye uwanja, lakini ndiyo yenye mlango wa kutokea.

Jambo hili linaungwa mkono na maneno ya upande wa pili. Shauku, ambalo nalo ni neno la asili ya Kiarabu, ni hisia ya mtu juu ya kitu kisichokuwapo au kisichofikiwa. Hamu asili yake ni wasiwasi na jambo linaloushughulisha moyo. Maneno yote mawili yanadai umbali. Mtu hawi na hamu ya kitu alichokishika mkononi tangu asubuhi. Kwa hiyo kushangaa kwamba shauku imepungua baada ya miaka kumi na mitano ya kulala katika chumba kimoja ni sawa na kushangaa kwamba njaa imepungua baada ya mlo.

Neno tamaa linastahili kutajwa peke yake. Katika mahubiri tamaa ni chanzo cha dhambi. Lakini Kiswahili kinasema pia kukata tamaa, na hapo tamaa ni tumaini lenyewe. Asiye na tamaa hata kidogo ndiye aliyeikata. Kwa mujibu wa lugha, basi, anayeshtuka kujiona akivutiwa na mtu wa nje hajathibitisha kwamba ndoa yake imekufa. Amethibitisha tu kwamba yeye mwenyewe bado yu hai. Swali linalobaki ni wapi aupeleke uhai huo.

Majina ya kuitana

Dalili ya awali ya kupoa kwa ndoa huonekana katika viitaji. Mchumba huitwa kwa jina lake, au kwa mpenzi, laazizi na mengineyo. Akishazaliwa mtoto, mke huitwa Mama Fulani na mume Baba Fulani. Desturi hii imeenea katika makabila mengi ya Afrika Mashariki nayo ni ya heshima. Mwanamke aliyeitwa Mama Brian kwa mara ya kwanza alitabasamu. Katika Kiswahili cha bara mume huitwa pia mzee, hata kama hajatimiza miaka arobaini. Kadiri miaka inavyopita, cheo humeza jina. Wenzi hufikia kuzungumza wao kwa wao kana kwamba mtoto ndiye anayewatambulisha, na mazungumzo yao huwa ya karo, kodi ya nyumba na pesa za kutuma kwa wazazi.

Chukuliwe mfano wa kubuni. Mwanamke ameitwa Mama Brian kwa miaka kumi na miwili, nyumbani, kanisani na katika chama. Siku moja msimamizi mpya kazini anasoma orodha na kumwita "Akinyi," kisha anauliza kama jina hilo lina maana ya asubuhi. Hakuna lolote lililotendeka, wala hakuna mtu aliyekosa adabu. Lakini mwanamke huyo anarudi nyumbani akilisikia jina lake mwenyewe masikioni. Kishawishi, mara nyingi, hakianzi na uzuri wa mtu wa nje, bali huanza na kuitwa. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Pengine yafaa kuongeza kwamba kipya hicho wakati mwingine ni nafsi ya zamani iliyokuwa imesahauliwa.

Njia ya kando

Maneno ya kisasa ya uhusiano wa nje ya ndoa yanafanana kwa jambo moja: takriban yote ni ya mahali. Kenya husema mpango wa kando. Tanzania husema nyumba ndogo, na katika miaka ya 2010 neno mchepuko, kutokana na chepuka, lilienea pamoja na kaulimbiu za afya zilizowataka watu wabaki katika njia kuu. Maneno ya zamani, kama vile hawara na kimada, yalimtaja mtu. Haya mapya yanataja upande. Yote yanachukulia kwamba katikati pako palepale: kando haiwezi kuwapo pasipo njia, wala nyumba ndogo pasipo nyumba kubwa.

Uzito wa maneno haya ulidhihirika mwezi Machi 2013, pale tangazo la televisheni nchini Kenya lilipoondolewa hewani baada ya kupingwa na viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu. Katika tangazo hilo mwanamke aliyeolewa, mwenye mpenzi wa nje, alishauriwa na mwenzake sokoni kwamba atumie kondomu. Waliolitetea walikuwa na sababu: uchambuzi uliotolewa nchini humo mwaka 2009 ulikadiria kwamba kiasi cha asilimia 44 ya maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalitokea baina ya wanaume na wanawake walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu. Waliolipinga waliona kwamba kulipatia jambo jina la upole ni kulihalalisha. Pande zote mbili zilibishana juu ya mpango wa kando, lakini juu ya ubaridi uliotangulia mpango huo hapakuwa na mjadala.

Yafaa kulinganisha nomino hiyo na sentensi ambayo mkosaji huitumia akifumaniwa: "Shetani alinipitia." Hapa kiima ni shetani, ilhali binadamu amekuwa mtendwa, amesimama tu njiani akapitiwa. Nomino inakiri kile ambacho sentensi inakikana. Mpango hutokana na kupanga, na hapana mpango usio na mpangaji.

Mafunzo ya kale na pengo lake

Huenda ikasemwa kwamba wazee walikuwa na dawa. Ni kweli kwa kiasi. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, katika utenzi aliomtungia binti yake mnamo mwaka 1858, aliyahesabu mapambo, manukato na upole kuwa ni kazi ya kila siku ya ndoa. Makungwi wa unyago walifundisha unyumba bila ya haya; Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa mafunzo hayo kama alivyojulikana kwa taarabu. Hata hivyo, mafunzo hayo yalikuwa na mipaka miwili. Yalielekezwa zaidi kwa mwanamke, kana kwamba mwanamume hakinaishi. Fauka ya hayo, kungwi alisimama kwenye mlango wa ndoa. Mwaka wa kumi na tano hakuwapo.

Pengo hilo halijazibwa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataja uzinzi, ukatili, kutelekezwa na kuvunjika kusikorekebishika miongoni mwa sababu za kuvunja ndoa ya kiraia. Kukinai hakumo, na pengine ni vyema kusiwemo. Kipindi cha Patanisho cha Radio Jambo kimepata wasikilizaji wengi kwa kuwapigia simu wenzi waliokosana ili mmoja amwombe mwenzake msamaha kwa Kiswahili. Lakini waliokinai hawana kosa la kuombea msamaha. Kwa mchungaji, kwa chifu na kwa redio hawana kesi. Ndiyo maana wengi hungoja mpaka wapate kesi, na njia ya haraka ya kuipata ni ile ya kando.

Tahadhari

Neno kukinai lisitumiwe kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Kukinai kunadai kwamba mtu alishiba kwanza. Mke anayefanya kazi shambani kutwa, kisha akapika, akafua na kulea peke yake huku mume akisubiri sahani, hakukinai; amechoka kwa maana ya sentensi ya (1), na dawa yake ni msaada. Anayepigwa hakukinai pia. Methali isemayo mke ni nguo, mgomba ni kupalilia, ilitungwa kwa jicho la mume anayemiliki. Lakini kiini chake, kwamba kilicho hai hutaka kupaliliwa, kinamhusu kila mmoja wa wawili hao.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya kuieleza ndoa iliyopoa. Kinachokosekana ni mazoea ya kuyapambanua. Baina ya nimechoka na nimekuchoka, baina ya kukinai na kuchacha, baina ya tamaa ambayo ni dhambi na tamaa ambayo ni tumaini, mna tofauti ambazo mwalimu wa lugha anaziona mara moja, na ambazo mume na mke hulipia gharama kubwa kwa kutoziona. Watunga kamusi hawana budi kuzionyesha maana zote mbili za kinai bega kwa bega, na watafiti wanaokusanya lugha ya miji ya bara wasiishie sokoni na kwenye stendi. Waitazame pia lugha ya chumbani, kwa adabu inayostahili.

Wafanyakazi wa Karagita wenyewe wana ujuzi ambao wanafasihi wanaweza kujifunza kwao. Waridi likishakatwa hupelekwa katika chumba cha baridi, kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri, na huendelea kutunzwa baridini mpaka ng'ambo. Baridi hiyo haiuui ua, bali hulizuia lisichanue na kunyauka kabla ya wakati wake. Lakini ua halikukusudiwa kubaki humo. Lazima siku moja mtu alitoe, alikate kikonyo upya na kulitia majini. Waswahili wa pwani wana methali kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo imetumiwa mno kumsamehe mtoro. Yapasa itumiwe pia kwa wale wawili ambao hawakutoka chomboni hata siku moja, wamekaa ngamani pamoja miaka yote, na wamesahau kuitana kwa majina.